Mwalimu Anajibu: Nilipie safari ya shule au ninunue salfa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina binti yuko kidato cha tatu, shule ya kata hapa kwetu. Mwaka huu kajiunga na klabu ya sayansi, na kila Jumamosi, badala ya kwenda shamba na mama yake, anakwenda shule. Sasa wameleta karatasi ya safari ya Naliendele, kwenye utafiti wa korosho. Kila mzazi atoe Sh 15,000. Mikorosho yangu ndiyo inaanza kuchanua na salfa ya kuipulizia sijamaliza kununua. Nikamwuliza: korosho si zipo hapa nyumbani, huko unakwenda kuona nini? Akanyamaza. Mama yake anasema nimemvunja moyo. Niambie ukweli, hizi klabu na safari zinamfikisha mtoto chuo kikuu, au ni michango tu?
Mzazi, Kitangari, Newala

JIBU: Marahaba, kaka. Mama watoto ana haki, umemvunja moyo. Lakini swali ulilomwuliza lilikuwa zuri. Kosa ni kwamba ulilitoa kwa kumnyamazisha. Mwulize tena leo baada ya chakula, safari hii ukitaka jibu kweli: unakwenda kuona nini? Mtoto asiye na jibu la swali hilo kabla ya kupanda gari hurudi akikumbuka soda aliyopewa.

Nalisema hili kwa uchungu, maana nimewahi kuwafanyia watoto wa watu. Miaka ile Mtwara nzima ilipokuwa ikizungumza gesi, niliwapeleka wanafunzi 42 kwenye kiwanda kimoja. Tulichangisha, tukakodi basi, tukavalishwa kofia ngumu, tukatembezwa saa nzima nyuma ya mtu aliyekuwa akisema mambo ya mitambo bila kugeuka. Tukapewa soda na keki, tukapiga picha getini, tukarudi. Jumatatu darasani nikauliza kama kuna aliyeona kazi ambayo angependa kuifanya. Kimya. Kisha mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Madam, yule mama aliyekuwa anasoma geji na kuandika kwenye daftari, kasomea nini?"

Sikujua. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na hakuna aliyemwuliza kwa sababu mimi nilikuwa nimewaambia watembee kwa mstari na wasipige kelele. Watoto 42 walipita hatua tatu kutoka kwa yule mama. Swali la yule kijana sikulijibu mpaka anamaliza shule.

Mwaka uliofuata ndipo nikachagua Naliendele. Ni karibu, gharama yake ndogo, na watoto walikuwa wanaijua nusu ya habari tayari. Wiki mbili kabla ya safari nilimwambia kila mmoja aje na swali moja la mkorosho ambalo baba yake au bibi yake ameshindwa kulijibu. Maswali waliyoleta ninayo hadi leo. Kwa nini salfa tunapuliza alfajiri na si mchana? Kwa nini ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua na majani machanga, ukaacha majani makubwa? Na mmoja aliuliza kwa nini babu alikuwa na mkorosho mmoja unaozaa kupita yote, wakapanda mbegu zake, na miche ile ikatoka kila mmoja na tabia yake.

Tulipofika, swali hili la mwisho lilijibiwa na fundi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake safu ya viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Alichukua mche, akaukata kichwa, akapasua shina kidogo katikati. Akachukua kijiti kibichi cha mti uliochaguliwa kwa uzazi wake, akakichonga ncha ya pande mbili kama kabari, akakichomeka kwenye ule mpasuko, ganda likakutana na ganda, akafunga kwa utepe wa nailoni. Dakika mbili hazikufika. Akasema: mbegu imechanganya baba na mama, hujui itafuata nani, kijiti hiki ni ule ule mti wa babu yako, umehama tu. Kisha akawapa kisu. Wengi waliharibu. Aliyeuliza swali aliharibu miche miwili, wa tatu ukakaa.

Halafu wakamwuliza yeye mwenyewe: umesoma wapi, uliingia na alama gani, nani alikulipia? Akajibu yote. Alianza na cheti cha kilimo, akafanya kazi, akarudi kusoma stashahada. Akawapeleka kwa bosi wake maabara, mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Na yule bosi ndiye aliyesema jambo lililowakaa: bila kemia usingenikuta hapa.

Unajua, kaka, kwamba kidato cha tatu ndipo watoto wengi wa shule zetu huacha fizikia na kemia. Kidato cha kwanza na cha pili wanasoma wote, baada ya hapo wengi wanaona ni mzigo, wanaziweka chini. Anayeacha kemia akiwa na miaka 16 anafunga mlango wa uuguzi, wa maabara, wa famasia, wa kilimo cha juu, na mara nyingi hana habari kwamba anaufunga. Jumatatu ya baada ya Naliendele wasichana wawili walikuja ofisini na madaftari mapya. Walikuwa wameacha kemia tangu Januari. Hilo ndilo tunda la safari ninaloweza kukuapia, maana nililiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo nikujibu sawasawa. Klabu haimfikishi mtoto chuo kikuu. Haiongezi hata alama moja kwenye mtihani wa NECTA, na anayekuahidi zaidi ya hapo anakudanganya. Kinachofika chuo kikuu ni matokeo. Lakini matokeo yanatoka kwa mtoto anayekaa na kitabu usiku wakati wenzake wamelala, na mtoto huyo lazima awe na kitu anachokiona mbele yake. Salfa unayopuliza ipo kwenye jedwali la elementi analosoma binti yako, namba 16. Ninyi wawili mnaishika kila msimu. Sidhani kama mmewahi kuizungumza.

Kuhusu fedha, nenda kamwone mwalimu. Mwulize Sh 15,000 inalipia nini, gari au na chakula. Kama ni chakula, abebe cha nyumbani. Omba ulipe mara mbili. Na uulize jambo moja ambalo wazazi hatuulizi: asiyeweza kutoa anakwenda? Nimeona shule zinazofanya safari kuwa zawadi ya kumi bora, na jambo hilo nililipinga vikaoni mpaka nikachukiwa. Wa kwanza darasani njia anaiona hata bila gari. Wa thelathini ndiye anayehitaji kumwona yule fundi wa kigoda.

Jumamosi zisiwagombanishe. Salfa inapulizwa umande ukiwa bado kwenye majani, ndipo unga unapata pa kushika, na upepo haujaamka. Saa mbili kazi imeisha. Aanze na ninyi shambani, kisha aoge aende klabu. Mpe na kazi yake mwenyewe: achague mikorosho mitano, aandike tarehe ya kuchanua, tarehe ya kupuliza, na kilo zitakazotoka. Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza mwaka 2011, huwataka wanafunzi wa sekondari wafanye utafiti wa tatizo la mahali pao, na kazi zinazochaguliwa huonyeshwa Dar es Salaam. Mwalimu wake akiuliza watafiti nini, binti yako atakuwa na daftari lenye tarehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Ruangwa. Nataka kuwa daktari. Shule yetu haina klabu hata moja, chumba cha maabara kipo ila vifaa hakuna. Nasikia wenzetu wa mjini wanapelekwa kutembelea hospitali ya Mitengo, Mtwara, na vyuo. Je, nimeshachelewa?
Msichana wa Ruangwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujachelewa, lakini miezi iliyobaki ni michache, kwa hiyo nitakwambia mambo ya kufanya tu.

Kwanza jua hesabu. Kidato cha sita A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Shahada nyingi hudai ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 angalau. Udaktari unadai matatu, fizikia, kemia na biolojia, jumla isipungue 6. Hicho ni kiwango cha chini cha kuomba. Nafasi zenyewe zinagombewa na wenye zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka kwenye tovuti yao, bure. Mwombe mwalimu mwenye simu aufungue, mnakili kurasa za afya. Kidato cha tano na cha sita ada ilifutwa shule za serikali tangu 2022, basi usiruhusu mtu akwambie huwezi kwa sababu ya ada.

Matokeo yasipokupeleka tahasusi ya sayansi, yaani mchepuo wa masomo wa kidato cha tano, usikae nyumbani ukilia. Mwenye ufaulu wa kemia, biolojia na fizikia kidato cha nne anaweza kuomba stashahada ya uuguzi au ya utabibu. Kusini vyuo vya uuguzi tunavyo, Ndanda na Nyangao ni miongoni mwavyo. Ukitoka na GPA, wastani wa alama za chuo, ya 3.0 au zaidi, unaweza kuomba shahada. Njia ni ndefu, ila ni njia.

Pili, cheti cha kuzaliwa. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nimeona watoto wakikwama wameshafaulu. Bodi ya Mikopo, inayokopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Nenda leo kakitafute ndani ya sanduku la mama. Kisha kiweke kando ya jina ulilosajiliwa nalo shuleni, usome herufi moja moja. Hadija na Khadija ni watu wawili kwa kompyuta. Nimeona binti amefaulu vizuri, cheti kimeandikwa jina la babu, shuleni kaandikishwa jina la baba mlezi, akaanza kutafuta kiapo kwa wakili wakati dirisha la maombi liko mbioni kufungwa. Kama hamna klabu, anzisheni kwa hili: wasichana kumi, kila mmoja alete cheti chake, mkaguane majina. Ndiyo shughuli ya kwanza, na haina mchango.

Tatu, Mitengo si lazima. Kwenye mahafali zetu kila mgeni rasmi humtaja Mzee Mkapa, aliyezaliwa Masasi mwaka 1938, akapita Ndanda, akafika Makerere, akafika Ikulu. Mfano huo naupenda, nami ni wa huku. Ila mtoto aliye Ruangwa leo anatazama kilele cha mnazi haoni pa kuweka mguu. Wewe mtafute aliye hatua mbili mbele yako. Nenda zahanati ya kijiji mchana, foleni ikiisha, umsalimie muuguzi au tabibu, umwombe dakika kumi. Mwulize alisoma shule gani ya sekondari, alipata nini kemia, alishindwa wapi, ada alitoa nani. Andika. Ukifanya hivyo kwa watu watatu utakuwa na habari kuliko aliyepitishwa wodini na kundi la watu hamsini.

SWALI: Mwalimu, nami ni mwalimu, mpya, nafundisha historia Kilwa Masoko. Klabu zote hapa ni za sayansi, wanafunzi wangu wa sanaa wanajiona hawana wanakokwenda. Nawaza kuwavusha Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Nifanyeje isiwe matembezi tu?
Mwalimu kijana, Kilwa

JIBU: Mwalimu mwenzangu, una bahati ambayo shule nyingine haina. Magofu ya Kisiwani yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na ninyi mnayatazama kutoka ufukweni. Usiwahubirie. Wape kazi ya mikono. Husuni Kubwa kuna birika la pembe nane. Wapime kila upande kwa kamba, wachore kwa kipimo, hapo hata wa hisabati watakuonea wivu. Wawili wasome alichoandika msafiri Ibn Battuta, aliyefika hapo mwaka 1331, kisha wakusimulie wakiwa wamesimama mahali penyewe nini kimebaki na nini hakipo.

Na kazi za watu, usizisahau. Mwaka 2004 magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati. Ukarabati huo ulihitaji mikono ya waashi wanaojua chokaa na mawe ya matumbawe. Ulizia kijijini, mtawapata walioshiriki, wakae na wanafunzi chini ya mti. Halafu wapo waongoza watalii, manahodha, na wataalamu wa mambo ya kale; akiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na huingiwa na watoto wa sanaa kama hao wako. Kila mwanafunzi arudi na jina la kazi moja, na njia ya masomo inayofika kwenye kazi hiyo, vidato na vyuo, ameiandika kwa mkono wake.

Kibali chukua Masoko kabla ya siku. Ulizia maji yanakupwa saa ngapi ndipo upange saa ya kurudi. Na kamba ifungeni mafundo ya kila mita shuleni, msingoje kufika chomboni.