Jibu: Usugu wa dawa hospitalini na mtaani

Ndugu, umeuliza kama usugu wa antibayotiki (bakteria kutokufa kwa dawa) unaoripotiwa na hospitali za rufaa za mikoa za Uganda, kama Mbale au Arua, ndio uliopo pia mtaani. Si lazima. Mimi niko maabara. Mkojo unaoletwa kuoteshwa bakteria ili tuwapime kwa dawa mara nyingi ni wa mtu aliyekwisha kumeza vidonge vya duka la dawa, akapewa vingine kituo cha afya, vikashindwa, ndipo akaja kwetu. Bakteria dhaifu walishakufa; ninaowaona ni wale wabishi. Aliyepona kwa dawa ya kwanza haingii kwenye daftari langu kamwe, kwa hiyo asilimia zetu za usugu hupanda.

GLASS, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usugu wa dawa ulioanza 2015, hutenganisha hospitali na mtaa: sampuli ya mgonjwa aliyelazwa zaidi ya siku 2 huhesabiwa ya hospitali, ya kabla ya hapo ya mtaani. Tarehe ya kulazwa ikiachwa wazi kwenye fomu (na huachwa, jamani!), hatuwezi kutenganisha chochote.

Ukitaka kujua usugu wa mtaa wenyewe, tafuta E. koli (bakteria wa utumboni) sugu kwa wajawazito wenye afya, kuku wa sokoni na maji taka.