Maswali na Majibu: Heliamu, baridi na sufuria ya maharage

Heliamu ikifika nyuzi 2 za kelvini mbona haigandi, wakati Makete hata maji ya ndoo yanaganda? (Mwanafunzi, Iringa)

Kelvini, kipimo cha jotoridi kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, haina "nyuzi". Nimelisema hili mara ngapi? Sema kelvini 2, basi. Heliamu haigandi kwa baridi peke yake. Ukitaka igande, uikandamize pia kwa kanieneo (mgandamizo) ya angahewa 25 hivi, yaani mara 25 ya ile ya hewa ya kawaida.

Nyuzi hasi 300 ipo? (Tukuyu)

Haipo. Mwisho ni hasi 273.15 za Selsiasi, ndiyo kelvini 0, sifuri kabisa. Fungueni daftari kabla ya kuuliza.

Heliamu wanaipozaje? (Mama lishe, Mwanjelwa)

Mama, jibu liko kwenye sufuria yako. Mbeya tuko juu, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Maabara nao hupunguza kanieneo: pampu inavuta mvuke juu ya heliamu inayochemka kwa kelvini 4.2, nayo inazidi kupoa. Ukichungulia kwenye kioo unaona viputo vinafoka, vinafoka, halafu kwenye kelvini 2.17 vyote vinakatika kwa mara moja. Kimya. Joto sasa linasafiri haraka mno, hakuna sehemu inayopata moto wa kutosha kutoa kiputo. Mnato nao, ule ugumu wa kimiminika kutiririka, umetoweka.

Bila mnato, msukosuko (mtiririko uliovurugika) ndani ya heliamu unatoka wapi? (Mwalimu wa fizikia, Njombe)

Swali zuri kuliko yote, mwalimu. Mtoni kimbunga cha maji kinaweza kuwa na nguvu yoyote. Humu kwenye heliamu vimbunga vyote vina nguvu ya mzunguko ya kipimo kimoja: namba ya Planck, ile namba ndogo isiyobadilika ya fizikia ya kwantamu (fizikia ya vitu vidogo kama atomu), ugawe kwa uzito wa atomu moja ya heliamu. Kiini chake ni chembamba kama atomu. Mwanafizikia Feynman alilieleza mwaka 1955, mwenzake Vinen akapima msukosuko wenyewe Cambridge mwaka 1957. Vimbunga hivyo hujisokota kama uzi uliovurugwa na paka. Vikikutana vinakatika na kuungana upya. Karibu na sifuri kabisa hakuna msuguano wa kuvituliza, kwa hiyo nishati yake hupungua kwa mawimbi madogo yanayopita kwenye uzi wenyewe wa kimbunga. Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, wanavichunguza kwa waya mwembamba unaotetemeka.

Mkanda wa "kwantamu" unaouzwa stendi unatibu presha? (Vwawa)

Hautibu. Endelea na dawa za hospitali.

Heliamu ya Rukwa si ya kujaza baluni tu? (Sumbawanga)

Inaniuma kusikia hivyo. Ugunduzi ulitangazwa mwaka 2016. Gesi hiyo imezaliwa na urani na thori, metali zenye mionzi, miambani kwa mamilioni ya miaka, na ukiiachia hewani inapotelea angani moja kwa moja. Heliamu ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI, zile za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili. Na watoto wasiivute mdomoni wabadilishe sauti: inaondoa oksijeni mapafuni, mtu anazimia kabla hajajua.