Bolti ikilegea ghafla mkononi, simama hapo hapo

Mdogo wangu unayeanza gereji, najua unaogopa injini. Mimi sikuumbuliwa na injini. Niliumbuliwa na nakali, kile chuma kinachobeba beringi ya tairi la mbele.

Nilikuwa narudishia kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana diski ili gari lisimame. Bolti yake inaingia moja kwa moja kwenye nakali, haina nati nyuma. Ikawa ngumu mapema, nikasema ni kutu, nikaiwekea mashine ya upepo ya kukazia. Ikazunguka kidogo, halafu ikawa laini. Ulaini ule uujue, maana ukishaupata kazi imeharibika tayari. Nilipoichomoa, meno ya nakali yalikuwa yamejizungusha kwenye bolti kama kaspringi kembamba kanachong'aa.

Jirani mmoja akaniambia, "Tia waya wa shaba, kaza, gari liende." Ni kweli inakaza, tena inakaza vizuri gari likiwa juu ya jeki. Lakini waya unajaza nafasi tu, haubebi kitu. Breki zikianza kuvuta na barabara ikianza kutikisa, bolti inarudi nyuma, na kalipa ikining'inia ndani ya rimu hutapata muda wa kujieleza. Kuchomelea nako usithubutu: moto unaharibu ugumu ambao kiwanda kiliupa kile chuma.

Kwanza jiulize meno yaliyokufa ni ya nani. Kama ni ya bolti, tupa, nunua yenye daraja lile lile la uimara; iliyoandikwa 10.9 kichwani usiibadilishe na 8.8 kwa sababu zinafanana. Kama ni ya boljointi au tairodi endi, vile viungo vinavyoshika nakali kwenye mikono na usukani, badilisha kifaa kizima. Jino la kwanza tu likiwa limepondeka unaweza kulipitisha dai (chombo cha kukatia meno ya bolti) ya saizi yake, zaidi ya hapo usibishane.

Meno ya tundu la nakali ndiyo yanayookoleka, kwa helikoili. Tundu linapanuliwa, linakatwa meno mapya makubwa kidogo, kisha kinawekwa kispringi cha chuma kisichoshika kutu, na bolti ya zamani inaingia kama kawaida. Tapu yake, chombo cha kukata meno ndani ya tundu, inakuja na seti. Tapu ya kawaida ya M12, yaani ya bolti ya milimita 12, haifai. Ukikata, zungusha nusu, rudisha robo ili unga wa chuma uvunjike, na oili isikauke. Kispringi kizame robo au nusu mzunguko chini ya uso, halafu vunja kile kiulimi cha kukishikia.

Kazi ngumu ni kutoboa wima. Mimi niliivua nakali yote nikaipeleka kwa mkereza vyuma mwenye drili ya kusimama, nikalipa mfukoni mwangu. Mwenye gari hakuongezewa hata shilingi, ila nilimwonyesha nilichofanya.

Siku hizi bolti yoyote naianza kwa vidole. Isipokwenda mizunguko mitatu minne bila spana, naitoa, napiga brashi ya waya, natazama. Wakati mwingine si kutu kabisa, ni bolti ya gari jingine. Nati za tairi za Toyota nyingi ni milimita 12 kwa hatua (nafasi kutoka jino hadi jino) ya milimita 1.5, za Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25. Zinaanza vizuri zote, kisha zinagoma. Kama huna geji ya kupimia meno, laza bolti mbili meno kwa meno, ziinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati, hizo si ndugu.

Mashine ya upepo ninayo bado. Naitumia kufungulia. Kukaza ni spana ya mkono, na mwisho ile ya kupima nguvu. Gari lile la nakali nilimwambia mwenyewe alirudishe baada ya wiki moja. Nikalipandisha jeki, nikazijaribu bolti zote mbili za kalipa. Hazikusogea.