Kiwavi mwenye njaa kwa watoto wawili wa umri tofauti

Dadangu, umeuliza kama kitabu cha Eric Carle cha kiwavi mwenye njaa kinaweza kusomwa kwa pamoja na mtoto wa mwaka mmoja unusu na wa miaka minne, maana mdogo hugeuza kurasa ovyo. Kinaweza. Mwache ageuze! Kitabu hicho cha 1969 kina matundu kwenye kurasa pale kiwavi alipopita akila, na mdogo ataridhika kutia kidole humo. Nunua chenye kurasa ngumu tu. Za karatasi laini hazimalizi wiki. Wauza vitabu vya mitumba mjini huwa navyo, ila kagua kama kurasa zote zipo.

Mkubwa mpe kazi ya kuhesabu. Jumatatu tufaha moja, Jumanne mapea mawili, hivyo hivyo hadi machungwa matano Ijumaa. Msomee kwa Kiswahili hata kama maandishi ni Kiingereza, picha zinajieleza. Plamu na stroberi zikimshinda, taja matunda anayoyaona kwa mama mboga. Jumamosi ndiyo raha yenyewe: keki, aiskrimu, soseji, tikiti, halafu tumbo linauma. Hapo usiharakishe, muulize yeye angekula nini.

Siku ukichambua sukuma wiki ukakuta kiwavi, usimtupe kabla hawajamwona. Huyo wa sukuma mara nyingi huishia kuwa nondo, si kipepeo kama wa kitabuni, na wa miaka minne atakuuliza maswali mpaka ugali uungue.