Trela la kulala la mwaka 1994 na gari letu la familia

SWALI: Ndugu Fundi, salamu kutoka Minneapolis. Tuna gari la familia aina ya Toyota Sienna la mwaka 2015, nasi tumepata kwa bei nafuu trela la kulala lililotengenezwa mwaka 1994. Kibati chake kinasema lina uzito wa ratili 2,600 likiwa tupu, na gari letu linaruhusiwa kuvuta ratili 3,500. Tunataka kwenda nalo Duluth na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior, tukiwa mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wetu watatu. Mume wangu anasema bado tuna nafasi ya ratili 900. Je, tutakuwa salama? — Msomaji, Minnesota

JIBU: Dada yangu, shemeji hajakosea kutoa, namba alizoanza nazo ndizo zenye shida. Ratili 2,600 ni uzito wa trela siku lilipotoka kiwandani. Tangu hapo limeongezwa betri, mitungi ya gesi, magodoro, vyombo, na pengine kiyoyozi ambacho mwenyewe wa zamani alikifunga juu ya paa. Maji nayo ni mazito: tangi la lita 80 likijaa linaongeza takriban ratili 176, kwa hiyo safirini na tangi tupu mkajaze mtakapofika kambini. Mimi ningelihesabu trela hilo kuwa la ratili 3,200, yaani kilo 1,450 hivi, mpaka mizani iseme vingine.

Hata hivyo, si uwezo wa kuvuta utakaowabana kwanza. Fungueni mlango wa dereva mkasome kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa abiria na mizigo kwa pamoja. Tuseme chenu kimeandikwa ratili 1,150. Watu wazima watatu na watoto watatu wanaweza kufika 700, zikabaki 450. Sasa, trela halivutwi tu, bali pia huliegemea gari: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukandamiza sehemu ya nyuma mnapolifunga, na uzito huo huhesabiwa kama mzigo uliomo garini. Asilimia 12 ya 3,200 ni 384. Ondoeni na chuma chenyewe cha kuvutia, ambacho kina ratili 40 hivi, mtabakiwa na ratili 26, ambazo hazitoshi hata kwa boksi la barafu lililojaa vinywaji. Simwambii mtu amwache mama mkwe nyumbani, ila mabegi yahamie kwenye trela, na kama mna gari la pili, baadhi yenu wapande hilo.

Kuhamishia mizigo kwenye trela nako kuna utaratibu wake. Vitu vizito vikae sakafuni juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mkifunga baiskeli kwenye bampa la nyuma, mkono wa mbele wa trela utakuwa mwepesi, na trela lenye mkono mwepesi huanza kuyumba mara tu upepo au lori kubwa linapolipita. Ili kuondoa kubahatisha, piteni kwenye mizani ya malori iliyoko katika vituo vikubwa vya mafuta vya barabara kuu. Pimeni gari peke yake likiwa na watu wote, kisha mlipime tena likiwa limefungwa trela, huku magurudumu ya trela yakisomwa kando. Uzito ulioongezeka kwenye magurudumu ya gari ndio unaokandamiza kiungo.

Kuhusu umri wa trela, anzeni na matairi, wala msidanganywe na kashata, yaani meno ya tairi, zinazoonekana mpya. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 3214 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Mkikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai hata kusogeza trela hadi kwa fundi. Mimi hubadilisha tairi la trela likizidi miaka sita. Kisha bonyezeni sakafu kwa kisigino kwenye pembe zote. Panapobonyea, mbao zimeoza kwa maji, na huenda fremu ya ukutani imeoza pia.

Kuhusu breki sikubali mjadala na mtu yeyote. Majimbo mengi ya Marekani hulazimisha trela la ratili 3,000 na zaidi liwe na breki zake lenyewe, na breki za umeme hazifanyi kazi bila kidhibiti kilichofungwa karibu na dereva. Kifungeni, kisha inueni kila gurudumu kwa jeki, mlizungushe na kubonyeza kidhibiti: lisiposimama, msitoke. Chomoeni pia pini ya dharura, ile inayopaswa kukaza breki trela likikatika. Betri yake ikiwa imekufa, pini hiyo ni pambo. Minyororo ya usalama ipishanisheni chini ya mkono wa trela, na gesi ifungwe kwenye mtungi kabla ya safari.

Barabara ya I-35 huingia Duluth kwa kuteremka mlima wa Thompson, mteremko mrefu na mkali. Shusheni gia kabla ya kuanza kuteremka, mkanyage breki kwa vipindi badala ya kuikandamiza mfululizo hadi ipate moto. Trela likiyumba, dereva asikanyage breki ya gari wala asizungushe usukani kulifuata. Aachie mafuta, ashike usukani sawasawa, na abonyeze kidhibiti ili breki za trela pekee zilivute nyuma linyooke. Matairi mengi ya trela hayakuundwa kuzidi maili 65 kwa saa, hata pale kibao cha barabarani kinaporuhusu 70.

Mkishatembea maili 50 za kwanza, simameni mkaze nati na kuhisi joto la vitovu vya magurudumu, mkikaribiza kiganja bila kugusa. Kitovu kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, ama beringi imekauka grisi ama breki imeng'ang'ania, na trela hilo lisubiri fundi papo hapo.