Vita vya msituni kwenye ramani: anza na posho, si na bunduki

Wengi wanaotunga sheria za mchezo wa mezani wa kampeni ya Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki huanza na bunduki: nani ana mizinga mingapi, nani analenga vizuri. Nakushauri uanze na posho. Kikundi chetu hapa Nairobi hukutana Jumapili mchana, tunaunganisha meza na kutandaza ramani kutoka Voi hadi mto Ruvuma, na kila kampeni iliyonoga imenogeshwa na suala la chakula.

Michezo mingi ya vita husema kikosi chenye njia wazi hadi ghalani kimeshiba. Hilo linafaa Ulaya yenye reli na farasi. Huku mbung'o waliua farasi na nyumbu, na ukishaiacha reli, mzigo ulipanda kichwani mwa mtu. Na mtu hula. Piga hesabu: mpagazi anabeba kilo 25 hivi na anakula karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20 njiani, na askari aliye mbele anapata kilo 5. Ukimtuma mwendo wa siku 13, hafikishi chochote.

Kwetu, kete ya wapagazi hutoka mwisho wa reli na posho 6, na kila nyumba ya ramani (kipande kimoja cha mwendo) inakula 1, kurudi kukiwa kumehesabiwa humo humo. Ukienda nyumba tatu unafikisha 3, tano unafikisha 1, sita hufikishi kitu. Anayetaka kusonga zaidi ajenge bohari katikati, na bohari nayo ina wapagazi wake wa kuijaza. Mvua ikianza, toa 2 badala ya 1. Mchezaji wa Waingereza akifika Rufiji mapema 1917, utamwona anaacha kumtazama adui, anainama na kuhesabu posho yake mojamoja. Ndivyo ilivyokuwa: mto ulifurika, posho ikapunguzwa, na watu wakaangushwa na njaa, malaria na kuhara damu.

Sheria ninayoisimamia kuliko zote ni hii: posho ikikosekana, dadu inarushwa kwa wapagazi kwanza, na kete iliyopotea haifufuki. Irudi tu kwa kuandikisha watu wapya kutoka wilaya, na kila uandikishaji upunguze mavuno ya wilaya hiyo msimu unaofuata. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zina vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wengi hawakuandikwa popote. Kenyatta Avenue, hapa Nairobi, wamewekewa sanamu pamoja na askari. Ramani isiyo na wao inasimulia vita ambavyo havikutokea.

Kwa upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, futa kabisa sheria ya njia ya ghala. Yeye anaishi kwa nchi na kwa nyara. Kila nyumba ya ramani impe posho mara moja kwa msimu. Akirudia, iwekee alama kwamba imeliwa, isimpe mtu yeyote kitu hadi mavuno yajayo. Hapa usimwonee huruma mchezaji wako. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, na baada yao ikaja njaa ya Mtunya.

Risasi azipate vitani tu. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuivamia ngome ya Wareno huko Ngomano, akatoka na bunduki, risasi na chakula cha kumwendesha kwa muda mrefu. Kwa hiyo mshindi wa pambano achukue nusu ya akiba ya aliyeshindwa, na Mwingereza apewe haki ya kuchoma bohari yake kabla haijatekwa. Huo ndio uamuzi mgumu kuliko wote mezani, kwa sababu anayechoma analala njaa.

Doria za Wajerumani za kulipua reli ya Uganda (ile ya Waingereza kutoka Mombasa), kama za mwaka 1915, ziruhusu ziwe ndogo tu. Nyika ile haina maji. Kikosi kikubwa kisipite.

Pointi za ushindi zisitoke kwenye miji. Mjerumani alitaka askari wengi wa adui wabanwe huku wasiende Ulaya, basi apate pointi kwa kila kikosi kinachomfukuza, kila raundi anayokuwa hai.

Na usifunge mchezo tarehe 11 Novemba 1918. Habari za amani zilimfikia siku kadhaa baadaye, akiwa ameshaingia Kasama, na alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 mwezi huo. Raundi hizo za mwisho mwachie aendelee kutafuta chakula.