Bwawa Limegeuka Kijani Tena

SWALI: Nina bwawa la saruji nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 2, kina sentimita 80, lenye samaki wa mapambo aina ya koi 15. Nikilimwaga lote, nikalisugua na kujaza maji ya bomba, siku 10 hazipiti linageuka kijani. Safari hii koi wawili wamekufa usiku uleule niliojaza. Nakosea wapi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Brashi ndiyo adui wako. Ukijani ule ni mwani mdogo sana unaoelea, unaoshiba jua na mbolea ya kinyesi cha samaki. Kwenye kuta ulizosugua walikuwemo bakteria wanaoipunguza sumu ya amonia. Ukiwaondoa, amonia inapanda na mwani unawahi kuota. Kuhusu vifo, mshukiwa wa kwanza ni klorini ya maji ya bomba, ambayo huunguza matamvua.

Bwawa lako linabeba lita 4,800. Badilisha lita 500 kwa wiki, basi, na maji hayo yalale kwanza saa 24 kwenye tangi lililo wazi.

Kisha tengeneza chujio la pipa la lita 200. Pampu ya lita 2,400 kwa saa itazungusha maji yote kila baada ya saa mbili. Maji yaingie chini ya pipa, yapite kwenye vipande vya nyavu kuukuu vinavyonasa uchafu mkubwa, halafu sponji, halafu mfuko wa vifuniko vya plastiki vya chupa za soda ambako bakteria watajijengea, yatokee juu. Sponji ioshwe kwa maji ya bwawani, kamwe si ya bomba. Weka koki chini ya pipa: umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji ya ndani huishiwa hewa na kuoza, kwa hiyo yamwage kabla ya kuwasha pampu tena.

Chujio hukomaa kwa wiki 4 hadi 6. Muda huo punguza chakula kwa nusu. Hata likikomaa, halimalizi mwani, kwa sababu bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti, nayo bado ni mbolea. Funika nusu ya bwawa kwa neti ya kivuli au yungiyungi, au pitisha maji kwenye taa ya UV (miale ya urujuanimno inayoua mwani), ambayo balbu yake hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka. Na tuseme ukweli: koi 15 ni wengi mno humo. Wakikua, watano wanatosha.

SWALI: Tangu masika yaanze maji yangu ni ya kahawia. – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Yaweke kwenye glasi hadi kesho. Tope likituama chini, ni udongo unaoingia na mvua: inua ukingo sentimita 20 na uchimbe mfereji wa kugeuza maji. Dawa ya mwani hapo ni hela ya bure.

SWALI: Nafuga sato wa kula, maji ni kijani. Niyasafishe? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapana, sato hula mwani huo. Zamisha sahani nyeupe. Ikipotea machoni kwenye sentimita 25 hadi 40, pako sawa. Ikipotea kabla ya 20, punguza chakula na uamke alfajiri uwatazame, maana usiku mwani nao huvuta oksijeni. Ukiwakuta wanahema juu ya maji, ongeza maji mapya mara moja, yakidondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa.